Fundi wa Mwanga Apata Mtetezi

Kiwanda cha chai alichofanyia kazi baba kilipopata mwekezaji, baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, na hata tawi lilipokufa watu waliendelea kumwita Mwenyekiti, heshima isiyomgharimu mtu kitu. Akarudi kwenye migomba yetu kijijini Kyimo, akawa anaisimamia kana kwamba nayo ingeweza kugoma.

Tukuyu mjini kulikuwa na mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa amefungua banda la video nyuma ya duka lake, lakini kanda zilikuwa za Kiingereza na watazamaji walichoka kubahatisha. Akamwendea baba.

"Mwenyekiti, wewe Kiingereza unakijua. Njoo ututafsirie."

"Shehe, mimi si mtu wa sinema."

"Kwani nimekuambia uigize? Sema tu wanachosema."

Mkanda wa kwanza ulihusu chombo kinachosafiri kati ya nyota. Fundi mitambo wake hakuwa mtu bali picha ya mwanga iliyotengenezwa na kompyuta. Ikiwashwa, inaongea na kushika spana, ikizimwa, haipo. Mimi nilikaa benchi la nyuma, sweta imelowa mvua. Fundi alipotokea, baba alisogea karibu na televisheni.

"Huyu hana likizo wala pensheni," akatangaza. Fundi mwenyewe alikuwa hajafungua mdomo.

Nahodha akaamuru azimwe. "Anampunguza bila notisi," alitafsiri baba, na banda zima likaguna. Alipowashwa tena fundi akasema maneno mawili matatu, na baba akayatafsiri kwa hotuba ndefu: anadai kikao na menejimenti, anataka malimbikizo yake. Nilikuwa sekondari wakati huo, na Kiingereza changu kilitosha kujua kwamba fundi aliomba taa.

Banda likaanza kujaa. Waliopunguzwa pamoja na baba walitoka mbali kama Suma kuja kumsikiliza fundi, na hakuna aliyeuliza chombo kilikuwa kinaelekea wapi.

Kisha mwenye banda akaleta kutoka Dar kanda ambazo sauti ya mtafsiri ilikuwa imeshaingizwa ndani. Alimweleza baba kwa adabu, wakinywa chai dukani.

"Sauti hii haiumwi, Mwenyekiti, wala haichelewi mvua ikinyesha."

"Na notisi yangu?"

"Si ndiyo hii ninayokupa?"

Nyumbani baba alitusimulia akicheka. Chakula hakukigusa.

Mama, ambaye hakuwahi kuingia bandani, ndiye aliyesema Jumapili iliyofuata twende. Ulikuwa mkanda wa chombo kilekile. Sauti ya Dar ilikimbia kwa Kiswahili cha vijana wa huko, na mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akamgusa baba kiwiko.

"Anasema nini?"

Baba akamnong'oneza kwa Kinyakyusa. Bibi wawili wa benchi la mbele wakageuka. Nilidhani watamfokea.

"Sema kwa nguvu, nasi tusikie!"

Baba akasimama. Mwenye banda alichungulia mlangoni, akasikiliza, halafu akaenda mwenyewe kupunguza sauti ya televisheni. Siku hiyo, kwa Kinyakyusa, fundi wa mwanga alidai hadi likizo ya uzazi, na akina mama wakampigia makofi.