Salamu ya Mama wa Patron

Mi fundi wa garaje, nakiri kosa langu. Patron, mwenye garaje, aliniita kwake mtaa wa Kinindo tucheze karata za poka, maharagwe yakiwa ndiyo pesa, aone kama nina kichwa cha kuwa shefu wa atelye, mkubwa wa mafundi wote. Nilikuwa nimejifunza kwenye video: "Ukikaa nafasi ya kwanza, usiongee kama hauna karata kali."

Nami nilikuwa nimekaa nafasi ya kwanza, basi nikafunga mdomo. Mama yake patron akaingia: "Asalamu aleykum, baba." Nikamukodolea macho tu, najiona bingwa. Akaniletea chai, nayo nikainywa bila asante. Wakadhani jino linaniuma.

Mwishowe nikapata wafalme wawili, karata kali kweli. Nikasimama, nikapaza sauti: "Waaleykum salamu, mama!"

Patron akanitazama. "Fundi, kwenye poka kuongea ni kuweka maharagwe. Salamu ya mama ni bure."