Mgeni Kutoka Ujerumani

Baba yangu ni mwalimu wa kwaya parokiani kwetu Mbinga, na ana msimamo mmoja unaoniudhi mpaka leo: hapokei nyimbo za watu wa nyumbani kwake. "Watu watasema kwaya imekuwa ya ukoo," husema, na hapo mjadala umekwisha. Mimi nami ni mbishi, nimemrithi yeye. Nilikuwa nimetunga wimbo wa shukrani ya mavuno, na nilitaka baba auone kama wimbo tu, si kama kitu cha binti yake.

Kwaya za huku huweka nota zao kwenye kompyuta moja iliyoko mbali, tunayoiingia kwa intaneti. Mgeni anaruhusiwa kuacha wimbo bila kujitaja, ila huonekana ametokea wapi, na baba hapitwi na hilo. Ningeingia moja kwa moja kutoka Mbamba Bay, ninakofanya kazi ya tehama, angenijua papo hapo. Nani mwingine huku ziwani anaandika nota?

Basi nikatumia ujuzi unaonilipa mshahara. Niliingia kwanza kwenye kompyuta ya kukodi iliyoko Ujerumani, na kutoka humo ndipo nikabisha hodi kwenye ile ya kwaya. Kwa anayetazama, mgeni alitokea Ujerumani. Jumamosi hiyo mchana nilikaa barazani, usipa wangu, wale dagaa wa ziwani, ukikauka juani, nikapakia wimbo huku najichekea.

Kumbe baba naye alikuwamo. Kisanduku cha kuandikiana kikafunguka: "Mimi ni mwalimu wa kwaya, Mbinga. Karibu, mgeni."

Vidole vikatangulia akili. "Shikamoo," nikaandika, nikatuma.

Nilishika kichwa. Nimezunguka mpaka Ulaya kujificha, halafu najifichua kwa salamu. Lakini ningefanyaje? Mkubwa akikukaribisha unamwamkia kwanza, mengine baadaye.

Jibu likaja: "Marahaba, mwanangu. Huko kuna baridi?"

"Kali sana," nikaandika, jasho likinitiririka shingoni. Nikatoka haraka.

Siku iliyofuata nilipanda Mbinga, maana kila mwisho wa wiki mimi huimba sauti ya pili kwenye kwaya ya baba. Baada ya misa baba akagawa nota mpya. Alisema wimbo umetoka kwa mtoto wetu aliyeko Ujerumani, ambaye katika wimbo wake hajasahau ngolo, yale mashimo tunayolimia mlimani, wala kahawa, "na amelelewa vizuri, ameniamkia."

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza ni wa ukoo gani.

"Sikumuuliza," baba akasema. "Ni wimbo mzuri. Ukoo wa nini?"

Nilifurahi mpaka nikaogopa itaonekana usoni. Tukaanza. Besi wakaingia taratibu, na kile nilichokuwa nakiimba peke yangu jikoni kikatoka vifuani mwa watu wengi. Machozi yakanilengalenga. Katika raha ile nikapandisha sauti ya pili mwishoni mwa ubeti, mahali ambapo sasa niliona pangependeza zaidi.

Baba akagonga meza, wote tukanyamaza. Alikuwa ananitazama mimi.

"Binti, hapo unaimba nini? Fuata mtunzi alivyoandika. Mwenzako kaifikiria kila nota, wewe unakuja kumharibia."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

"Samahani, baba," nikasema, nikarudia ubeti kama mtunzi alivyotaka.