Sanda ya Dada Niliifua Melini

Nimekosa! Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma mapema. Nimemkosea dada yangu aliyenilea, na hakuna mtu aliyenishikia fimbo. Majina nimeyabadilisha, maana Kilwa ni ndogo na watu wake wana masikio.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi Kilwa Masoko. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na dada Somoe ndiye aliyenibeba mgongoni. Yeye alikuwa kijijini Tingi, analima mihogo na korosho, na korosho hizo ndizo zilizonipeleka chuo cha ualimu. Mwenyewe hakuwahi kukaa darasani.

Sasa, huku kwetu huja zile meli kubwa za watalii. Zinatia nanga, watu wanashushwa kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani kutazama magofu. Mwaka wangu wa mwisho kazini niliwapeleka wanafunzi kule, tukakutana na kundi lao. Wote wazee! Bibi mmoja mwenye fimbo alikaa karibu yangu kupumzika, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia alinishika mkono akacheka. Kumbe naye alikuwa mwalimu! Alisema tangu astaafu kila mwaka anapanda meli na mumewe, na wala si matajiri, wanajiwekea kidogo kidogo tu.

Nililala na jambo hilo nikaamka nalo. Yule bibi alikuwa amefundisha watoto, mimi nimefundisha watoto. Yeye ana magoti mabovu, mimi nina magoti mabovu. Kwa nini yeye apumzike baharini na mimi nikae kibarazani nahesabu pikipiki?

Nikaanza kupanga. Nilijiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Korosho za shamba aliloniachia marehemu mume wangu kule Kiranjeranje nikawa nauza bila kugusa senti, watoto wakiniomba nasema msimu umekuwa mbaya. Kiinua mgongo kilipotoka nikakata pande lake zima. Hapo sijamwambia mtu, isipokuwa shoga yangu Zainabu, mwalimu mstaafu wa Lindi, ambaye ukimwambia twende, anauliza tu avae nini.

Zainabu ana mpwa wake Dar mwenye ofisi ya safari. Huyo ndiye aliyetufungua macho. Kwa mfuko wetu, alisema, meli zinazoanzia Dubai na kuzunguka Ghuba ndizo nafuu. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei ya chini. Ukienda peke yako unalipishwa kitanda cha pili hata kama hakina mtu, kwa hiyo tulale chumba kimoja. Soda, intaneti, bakshishi za wahudumu na matembezi ya nchi kavu vyote vinalipiwa mbali, tusije tukasema hatukuambiwa. Tulisikiliza kwa makini kuliko tulivyowahi kusikiliza semina yoyote.

Mpaka hapo kosa langu liko wapi? Hakuna! Mtu kula jasho lake si dhambi. Kosa lilizaliwa siku niliyokwenda Tingi kumuaga dada.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba mdogo wangu. Mbona umependeza hivyo, kuna nini?”

“Nasafiri, dada. Mwezi ujao nakwenda Uarabuni.”

Wallahi nilikuwa nameza mate niendelee. Nilitaka kusema naenda kutembea, naenda kupanda meli. Lakini dada aliacha ungo wake chini, akainua mikono yote miwili.

“Allahu Akbar! Mwajuma! Mwajuma njoo! Mama yako mdogo anakwenda Makka!”

Mwajuma ni binti yake, anayeishi naye. Akatoka jikoni na mikono ya unga, akanikumbatia. Dada analia, Mwajuma analia. Na mimi, mwanamke mzima niliyesimama mbele ya darasa maisha yangu yote, nikakosa sentensi moja! Nikajiambia nitamsahihisha akishatulia. Kisha nikafikiria watu watasema nini: mjane, umri huu, anafika Uarabuni kwa mara ya kwanza na Makka haigusi, anakwenda kula na wazungu melini! Wangenitafuna mpaka kijukuu. Nikanyamaza, na kile kimya ndicho kilichonifikisha hapa.

Dada aliingia ndani, akafungua sanduku lake, akatoka na furushi. Ilikuwa bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri.

“Hii sanda yangu,” akasema. “Nimeinunua kwa korosho zangu mwenyewe. Nilikuwa namwomba Mungu anipe mtu wa kwetu wa kuipeleka, maana watu baki siwaamini. Iroweke kwenye zamzam, mdogo wangu. Mimi na magoti haya Makka sitafika. Basi angalau nizikwe na maji yake.”

Nani angeweza kuikataa? Labda wewe. Mimi niliipokea kwa mikono miwili.

Kwa jinsi nilivyo mjinga, nilijipa moyo kwamba zamzam Dubai itakuwa imejaa madukani. Tulipofika, kabla ya kupanda meli, tulizunguka mimi na Zainabu mpaka miguu ikavimba. Muuza tende mmoja alitutazama akatabasamu, akasema maji hayo watu huyafuata wenyewe kulekule Makka, hapa hana. Jioni meli ikang'oa nanga, na sanda ya dada iko ndani ya begi langu, chini ya nguo za kutembelea.

Zainabu akaniambia, “Shoga, rudi nayo kavu. Mwambie ukweli.”

“Utakuwepo wewe wakati namwambia?”

“Sitakuwepo. Dada ni wako.”

Meli yenyewe, nisikufiche, ilikuwa tamu. Chakula saa yoyote, lifti za vioo, wazee wenzangu wanacheza muziki bila aibu. Siku za kwanza nilicheka nikasahau. Lakini kila tukirudi chumbani naliona lile begi, na furaha inaniisha.

Karibu na kurudi nikakata shauri. Nikaingia kwenye kile choo kidogo, nikajaza beseni la kunawia, nikasema Bismillah, nikaichovya bafta ya dada kipande kipande. Maji ya melini, ndugu yangu! Maji ya bahari yaliyochujwa kwa mashine! Nikamwombea dua huku nalia, nikaanika vipande kwenye kamba ya bafuni, tukaenda kula.

Tuliporudi chumba kilikuwa kimesafishwa. Wahudumu wa meli zile wana mtindo wa kukunja mataulo yakawa wanyama, leo tembo, kesho sungura, wageni wafurahi. Kitandani kwangu alikaa bata mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu, kavishwa miwani yangu ya kusomea. Zainabu akaangua kicheko. Kisha akaisogelea ile nguo, akaishika ncha, kicheko kikakatika.

Ilikuwa sanda. Mhudumu alidhani ni shuka zetu tumezifua, akazipeleka kukaushwa na kupigwa pasi, akazirudisha na zawadi ya bata. Nilimfungua yule bata shingo kwanza, kisha mabawa. Zainabu alikaa kwenye kitanda chake na hakunitazama usoni. Hata wa kumtukana nilikosa, maana aliyekosea pale si yule mhudumu.

Nilirudi nyumbani. Tingi walinipokea kwa matari na udi. Niligawa tende na tasbihi za Dubai, watu wakazipokea kwa kubusu. Dada alilifungua furushi lake mbele ya wanawake wote, akauzika uso ndani, akavuta pumzi.

“Inanukia pepo!” akasema.

Ilikuwa inanukia sabuni ya melini. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu.

Laiti ingeishia pale ningekuwa nabeba aibu tu. Haikuishia! Msimu wa korosho uliofuata dada akaanza kuumwa tumbo. Mwajuma akamfikisha hospitali, wakaona uvimbe, wakashauri apelekwe Dar akafanyiwe upasuaji mapema. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa kitandani anasuka ukili, mtulivu kuliko sisi wazima.

“Dar siendi,” akasema. “Kukatwakatwa kwa nini? Zamani ningeogopa, nisiwafiche. Sasa sanda yangu ishafika kule na imerudi. Naogopa nini tena?”

Mwajuma akanigeukia. “Mama mdogo, mwambie wewe. Wewe anakusikiliza.”

Nilimbembeleza. Nilimwambia dua haizuii mtu kutibiwa, nikamwambia anionee huruma mimi. Akawa anacheka tu. Ningesema lile neno moja, kwamba sanda haijafika popote, pengine angeogopa, na kuogopa kungempandisha gari. Nililijua hilo nikiwa nimekaa palepale! Na ukitaka nikuvulie yote, hata angekubali, nauli na gharama za Dar ningezitoa wapi? Nilikwisha kuzila nikitazama bahari, tena kwenye chumba kisicho na dirisha.

Nikamfuata shehe mmoja, mbali kidogo na kwetu, nikamweleza kama kisa cha mtu mwingine. Sidhani kama nilimdanganya.

“Kitambaa hakimwokoi mtu,” akasema. “Kinachomwokoa ni amali yake. Huyo dada hajapungukiwa kitu. Aliyepungukiwa ni mdogo wake. Mwambie aende akaombe radhi dada yake angali anasikia.”

Nikaenda. Nilimwomba Mwajuma atupishe. Dada alikuwa amebaki mifupa, sauti imeshuka, lakini akili yote anayo. Nikamshika mkono.

“Dada, ile sanda...”

“Ndiyo, hiyo hiyo,” akanikatiza. “Usikubali wanifunike na nyingine. Nakuachia wewe.” Akapumzika kidogo, akauliza, “Ulipokuwa unairoweka, ulinitaja jina langu?”

Nilikuwa nimemtaja, kweli! Kwenye lile beseni nilimtaja mara nyingi. Kwa hiyo mdomo ukapata pa kujificha, nikasema, “Nilikutaja, dada.”

“Basi,” akasema, “mimi sina ninachokudai.” Akafumba macho akalala usingizi wa kawaida. Nilikaa pale mpaka Mwajuma akarudi na uji. Neno halikutoka, na siku zilizofuata dada hakuwa tena mtu wa kuzungumza naye.

Alipofariki, wanawake waliomuosha waliniita niwape sanda, maana wote walijua iliko na aliyeileta. Mkubwa wao akaniuliza, “Hii ndiyo ya zamzam?” Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo mbele ya maiti ya dada yangu! Wakaguna kwa kutamani, mmoja akasema ana bahati marehemu. Nilishika upande mmoja wa bafta, Mwajuma akashika mwingine, tukamfunika.

Kisha nje kwa wanaume nikamsikia msemaji wa familia akitangaza, kama inavyotangazwa kwenye kila msiba. Kama kuna mtu anamdai marehemu, ajitokeze. Na kama kuna mtu marehemu alikuwa anamdai, naye ajitokeze, asimwache aende na haki yake.

Nilikuwa nyuma ya mlango, kwenye jamvi, katikati ya wanawake. Wangenisikia. Ningeita tu, wangenyamaza, wangesikiliza, na kaburi lilikuwa bado wazi. Kimya kilikuwa kirefu, au mimi ndiye niliyekiona kirefu. Msemaji akasema, “Basi hakuna,” wakanyanyua jeneza.

Tangu hapo silali vizuri. Najiuliza kama angepona. Najiuliza kama nimemwibia uhai au nimemwachia amani, na hakuna wa kunijibu. Zainabu ananipigia simu tunaongea habari za magoti. Mwajuma ananiheshimu kuliko zamani, kila Ijumaa ananiomba nimwombee mama yake kwa kuwa mimi dua yangu imefika mbali. Nikimwambia leo, nitamfukua mama yake kwa maneno. Nikinyamaza, nazidi kuzama. Sina pa kushika!

Wewe uliyestaafu au unayekaribia, unayejiwekea ili siku moja upande meli, panda! Tafuta chumba cha bei nafuu, tafuta shoga wa kugawana naye, kula, cheza, ni jasho lako. Lakini safari yako itaje kwa jina lake siku ileile unayoaga. Watu wakicheka, wacheke. Mtu akikukabidhi mzigo wake kwa kudhani unakwenda kwingine, usiupokee hata akilia. Na kama ulishaupokea, sema leo, wakati mwenyewe bado anaweza kukukasirikia. Ningetoa pensheni yangu yote dada anikasirikie hata siku moja tu.

Mimi huku kwetu sasa wananiita Hajati. Sokoni, msikitini, hata watoto wa shule. Na mimi naitika.