Dirisha la Vioo Viwili na Wakwe wa Ilembo

Jamani, aibu hii nimeibeba mpaka mvi zimeniota, na hata leo kuna watu hapa Kawajense, Mpanda, wakipita mbele ya nyumba yangu wanafanya "zzzz" halafu wanacheka, kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye chumvi nyingi.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba ya bati ya kwanza mtaani kwetu ni yangu, na miaka ile ya tisini nilikuwa na kitu ambacho hata wakubwa wa wilaya hawakuwa nacho: dirisha la vioo viwili, kimoja ndani kimoja nje, katikati nafasi ya vidole viwili, nililinunua kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Mgeni akija namwonyesha dirisha kwanza, maji ya kunywa baadaye.

Basi, wiki ambayo wakwe wa Ilembo walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Tausi, beberu wangu akaona sura yake kwenye kioo cha nje, akadhani kapata mpinzani, akakipiga kichwa. Ufa kona mpaka kona! Nikasema wakwe hawakuti ufa kwangu. Kioo kipya nikapata, lakini puti ya kukishikizia mji mzima hakuna, treni ya Tabora imekwama kwa mvua. Nikakumbuka nta ya nyuki ninayo debe zima (kwetu nani anakosa nta?), nikaiyeyusha, nikashikiza kioo, kikatulia, nikajisifu peke yangu.

Mke wangu akaja, akanusa. "Baba Tausi, hiyo si ndiyo mnapaka kwenye mizinga kuita nyuki?"

"Mama Tausi, nyumba hii nani kajenga?"

Akarudi zake jikoni. (Na mimi ni mtoto wa mrina asali, mjue, nimepaka nta mizinga kabla sijajua kuvaa kaptula, ila siku hiyo akili yote ilikuwa kwenye sifa.)

Siku ya ugeni mvua ikakata, jua likawaka kweli kweli. Wakaja mshenga wao, anayeongea kwa niaba ya ukoo mzima, na Mzee Masanja, baba wa kijana, mfugaji, mtu wa maneno machache. Tausi yuko chumbani roho juu, maana anampenda yule kijana na mzee alikuwa hajakubali, anasema sisi watu wa mjini tuna maringo. Na mimi, badala ya kujishusha, nikaanza: "Mzee, dirisha hili halipitishi vumbi, halipitishi hata inzi!"

"Sasa hao ni nini?" akauliza mzee.

Nikageuka. Nta imelainika kwa jua, juu pameachia, na kundi zima la nyuki linamiminika katikati ya vioo kama mahindi yanaingia guniani. Ningewaacha wala pasingeharibika kitu, lakini nikatoka mbio na kanga ya mke wangu nikazibe lile pengo, nikagusa tu, kioo kikadondoka paa! Nyuki wakaingia ndani kwa mlango niliouacha wazi.

Mshenga akakimbilia chooni, akajifungia. Mimi nikarudi ndani nikipiga kelele namwita mama yangu (marehemu), nikajitupa chini ya meza, nikakuta mtu: Mzee Masanja, kajifunika kitambaa cha meza, mdomo umevimba kama kiatu. Magoti kwa magoti.

"Bwana," akasema, "hata inzi?"

Akaanza kutetemeka, nikadhani sumu imempanda, kumbe kicheko. "Nilikuja naogopa maringo yako. Mtu anayemlilia mama yake chini ya meza nitamwogopaje? Mwite mshenga tumalize."

"Hatoki, mzee."

"Basi tumalize sisi, mkwe."

Mkwe! Nilisahau hata jicho langu lililokuwa limezibwa na uvimbe.

Beberu tulimla harusini. Tausi sasa ana watoto, na babu yao wa Ilembo akija anaulizia dirisha kwanza, maji baadaye. Nimeapa kioo nitamwachia fundi, na nta itabaki mizingani. Ule upande wa nje sikuurudishia kioo, dirisha lina kimoja mpaka leo, lakini nitajieni dirisha lingine hapa Mpanda lililowahi kuozesha binti!