Mlango wa Katikati

Asubuhi ile Nurto alichemsha chai ya maziwa, akatia iliki kupita kiasi. Nikamwambia imezidi. Akasema, "Kunywa, Aden. Leo utasimama kutwa." Akanifunga skafu kama mtoto, tukateremka kutoka ghorofani kwetu Newtown, tukapanda basi kwenda Ladywood, kwenye ukumbi wa maonyesho ya picha. Siku sita baadaye nilimzika. Moyo, daktari alisema. Ilikuwa Oktoba 2018.

Mke wangu alizaliwa Isili, Nairobi, wakati wa Waingereza. Hapa Birmingham alifagia ofisi miaka ishirini na miwili. Alipostaafu alinunua kamera kuukuu Kings Heath, akawa anapiga picha, na chini ya kila picha anaandika ubeti. Mimi sikusoma. Alinighania jikoni, na pale nilipokunja uso alibadilisha neno.

Picha moja alirudi hadi Nairobi kuifuata. Ni hospitali ya zamani yenye milango mitatu. Wa mbele ulikuwa wa Wazungu, wa katikati wa Wahindi, wa nyuma wa Waafrika. Vibao vimeng'olewa siku nyingi. Lakini tazama picha: mbele kuna lami na maua, nyuma bado tope, na wanaongoja kwenye tope ni wajukuu wa wale wale.

Mwaka wa hamsini na nne baba yake Nurto alimpeleka hapo mwanawe wa miezi minane, mdogo wa Nurto, anatweta. Sisi Wasomali siku zile tulidai tuhesabiwe pamoja na Wahindi. Basi mzee hakwenda nyuma. Alisimama mlango wa katikati akidai haki yake. Askari anasema zunguka, yeye hazunguki. Nurto ana miaka tisa, ameshika kanzu ya baba. Mtoto akakata roho hapo hapo.

Miaka sitini na nne hakumsimulia mtu ila mimi. Halafu akaandika:

Milango iko mitatu, kwa rangi wameipanga,
Mikononi mwa babetu, akazimika mchanga.

Tulipofika ukumbini, picha iko ukutani, ubeti haupo. Wamebandika karatasi: Milango ya Kale, Nairobi. Watu wanapita wanasifu rangi. Rangi! Nilitaka kuiteremsha nirudi nayo nyumbani. Nurto akanishika mkono.

Akaja Tarlochan, Singasinga aliyekulia Nairobi, dereva wa basi mstaafu, rafiki yetu. Akaitazama, akacheka.

"Dada, huo wa katikati ulikuwa wetu. Mama alitupeleka hapo kuchanjwa. Nyinyi mkituchungulia tu."

"Na nyinyi mkichungulia wa mbele."

"Kweli. Na tukijiona wakubwa."

Basi Nurto akaughani ubeti wake, kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Akamweleza na habari ya mtoto. Tarlochan alivua miwani akaifuta, akaifuta tena.

"Hilo sikulijua, dada."

"Ungelijuaje? Ubeti wameung'oa ukutani."

Hapo akaja Déborah, msimamizi wa maonyesho. Wazazi wake ni Wakongo, yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa vizuri, hujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo ule ubeti aliusoma, akauelewa, ndipo akauondoa. Hilo mpaka leo linanichoma. Mgeni ningemsamehe.

Akasema kwa upole kwamba maneno yale ni mazito, wageni wangejiona wanashtakiwa. Kwamba picha nzuri hujisemea yenyewe. Akamwomba Nurto asighani tena, watu wanageuka.

Nurto hakupandisha sauti. Alivua koti, akanipa nishike, akasimama mgongo ukutani, bega lake likigusa fremu.

"Mwanangu," akamwambia, "huu mlango haujasema neno tangu mwaka wa hamsini na nne. Niletee kiti, nitausemea mimi."