Mwamba wa Maharage

Juzi sokoni Lushoto niliona bango la mhubiri mmoja, kapigwa picha akiwa na miwani myeusi, limeandikwa: "Mwamba wa Kanisa Amefika." Nikakumbuka mchana ule wa utotoni mwinjilisti wetu alipofundisha kwamba Yesu atalijenga kanisa lake juu ya mwamba. Mimi mwamba niliujua mmoja tu, ule wa nyuma ya nyumba ambapo mama alianika maharage, uliokuwa ukinuka maganda na jua. Nilikimbia nikaukalia, wasije wakautwaa kujengea kanisa.

"Shuka, mwanangu," mama alisema huku akicheka. "Mwamba ni Kristo, siyo hili jiwe letu."

Nilikuwa mtoto, nikaelewa siku ile ile. Huyu wa bangoni ana ndevu na bado anadhani ni yeye. Jiwe letu angalau lilikausha maharage.