Zaburi ya Kiu, Mwendo wa Kisimani

Enzi zetu kule Wajir, maji hayakutoka kabla ya wimbo. Wanaume wa Kisomali walishuka kisimani wakapangana, ndoo ya ngozi ikapanda mkono kwa mkono, mmoja akiita na wenzake wakiitikia, huku ngamia wakinywa kwa zamu. Mimi, binti wa mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka Kitui, nilisimama na mtungi wangu wa plastiki, vumbi puani, nimesahau kabisa kwamba Mama anasubiri maji ya kupikia. Vijana wa leo wakishikwa na kiu hutafuta chupa, tena wanauliza kama ni baridi!

Jumapili nilikuwa kwenye kwaya ya kanisa letu dogo. Mwalimu wa kwaya alitufundisha zaburi za Kilatini, na ile ya nafsi yenye kiu nikajikuta naiimba kwa mwendo wa kisimani. Alinikata jicho. “Hapa si kwa ngamia,” akasema, na kwaya nzima ikaangua kicheko. Niliona aibu, lakini mwendo ule haukunitoka.

Mwaka huu parokia moja ya Garissa iliniomba nitunge muziki mpya wa zaburi hiyohiyo, Kilatini chake kibaki vilevile. Niliiandika kwa sauti nne: besi wanaita, wengine wanaitikia, kisimani kabisa. Kisha nikaingiwa na hofu. Wenye wimbo wataona nimewaheshimu, au nimewaibia? Nikamwita Abdi, niliyecheza naye utotoni, mtoto wa wenye ngamia, sasa ana ofisi hapa mjini. Nilimwambia waziwazi: ukisema hapana, naichana.

Alikaa kwenye ukumbi wa shule ninamofanyia mazoezi na kwaya yangu, mikono kifuani. Tulipomaliza alishusha mikono, akanigeukia.

“Walaal, dada yangu, bunguza mwendo,” akasema, p ikimtoka b kama utotoni. “Ngamia anakunywa, halafu anabumua. Wewe umemnyima bumzi.”

Hakukataa! Alikuwa ananisahihisha kama mtu anayetengeneza mali yake mwenyewe. Niliongeza vituo palepale, tukaimba tena, na Abdi akaitikia pamoja na besi, Kisomali chake juu ya Kilatini chetu. Najivunia siku ile kuliko cheti chochote nilichowahi kupata.

Siku hizi visima vingi vina pampu, na injini haihitaji wa kuiitikia. Abdi anasema wanawe hawajui hata mstari mmoja. Juzi aliwaleta mazoezini, akawaketisha mbele ya wanakwaya wangu, Wakamba na Wameru na Waluo, ili wafundishwe wimbo wa babu yao.